Zahanati Inampima Mtoto, Haimuulizi Mama

Mama wa kata ya Zuzu anapotimiza wiki sita tangu ajifungue, humbeba mtoto mgongoni akaenda kliniki. Mtoto huning'inizwa kwenye mzani, kilo zake zikaandikwa kwenye kadi, akadondoshewa matone ya polio na kuchomwa sindano ya pajani. Muuguzi huuliza kama mtoto ananyonya vizuri, kama anaharisha, kama ana kikohozi. Kisha hutaja tarehe ya kurudi. Mama atarudi wiki ya 10, na tena wiki ya 14. Mara tatu katika muda wa miezi mitatu na kidogo anakaa ana kwa ana na mtumishi wa Serikali mwenye kalamu na daftari, na katika mara zote hizo kumuuliza yeye mwenyewe rohoni anaendeleaje si sehemu ya kawaida ya kazi. Akiulizwa, ni kwa huruma ya muuguzi aliyemkuta zamu. Asipoulizwa, hakuna atakayewajibishwa.

Gazeti hili linautaja mwenendo huo kuwa ni uzembe wa mfumo. Hauna udhuru popote nchini, sembuse Zuzu.

Tunaitaja Zuzu kwa makusudi. Hatusemi kwamba wauguzi wa huko ni wabaya kuliko wa Bahi au Chamwino; wanafanya walichoagizwa, tena wakiwa wachache na foleni ikiwa ndefu. Tunaitaja kwa sababu ya mahali ilipo. Zuzu ni kata ya Jiji la Dodoma, upande wa magharibi, inapopita Reli ya Kati, na jina lake limezoeleka kwa kituo kikubwa cha TANESCO cha kupoza umeme unaosafirishwa kwenda mikoa mingine. Katika Jiji hilohilo iko Wizara ya Afya. Liko Bunge. Kipo Chuo Kikuu cha Dodoma kinachofundisha madaktari na wauguzi, iko Hospitali ya Benjamin Mkapa, na iko Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927. Ni kata chache mno nchini ambazo mama aliyechanganyikiwa baada ya uzazi anaweza kufikishwa mbele ya daktari bingwa wa akili kwa mwendo wa gari usiozidi saa moja. Kama swali halijamfikia mama wa Zuzu, mama wa Kondoa au Manyoni atalisikia kwa nani?

Hali zinazowapata wazazi baada ya kujifungua ni tatu, na kuzichanganya ndiko kunakoleta maafa.

Ya kwanza iko karibu kila nyumba. Siku ya tatu, ya nne au ya tano mama analia bila sababu anayoweza kuitaja. Anacheka, kisha machozi yanamtoka. Neno dogo la wifi linamchoma. Anamtazama mtoto na kujiuliza kama ataweza. Zaidi ya nusu ya wanaojifungua hupitia hali hiyo, na chanzo chake kinajulikana: homoni za estrojeni na projesteroni, zilizokuwa zikipanda kwa miezi tisa, huporomoka ndani ya siku chache baada ya kondo la nyuma kutoka, na huporomoka katika mwili uliopoteza damu, uliochoka na usiolala. Hali hiyo haizidi wiki mbili. Tiba yake ni usingizi, uji, mtu wa kumpokea mtoto, na watu wa nyumbani kuacha kumcheka.

Ya pili ni sonona, nayo haipiti kwa uji. Yaweza kuanza mimba ingalipo, au mwezi wa kwanza, au hata mtoto akiwa ameanza kukaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya wanawake waliotoka kujifungua duniani, takriban asilimia 13 hupata maradhi ya akili, hasa sonona, na kwamba katika nchi zinazoendelea kiwango hicho hufikia asilimia 19.8. Maana yake ni karibu mama mmoja kati ya watano. Chukua zahanati inayozalisha akina mama 200 kwa mwaka, kisha upige hesabu: 40 kati yao huenda walipita mbele ya mzani wakiwa wagonjwa, na kadi zao zikagongwa muhuri wakaruhusiwa.

Ugonjwa huu hujificha kwa namna yake. Mama wa Dodoma hafiki kwa daktari akasema ana huzuni. Husema kichwa kinamgonga, mgongo unawaka moto, moyo unakwenda mbio, chakula hakipiti. Husema "nina mawazo", na neno hilo mbele ya foleni ya watu arobaini halimsimamishi mtu. Hupewa panadol. Huambiwa apumzike, naye ndiye anayechota maji. Akirudi nyumbani anaamka saa nane usiku mtoto akiwa amelala fofofo, macho yake yakiwa makavu kabisa, akihesabu makosa yake. Hana hamu ya kula, hana hamu ya kuoga, hana hamu ya mtoto, na hilo la mwisho hamwambii mtu yeyote kwa sababu anajua ataitwa mnyama.

Ya tatu ni adimu na ndiyo ya kutisha. Huwapata mmoja au wawili kati ya wanawake 1,000 wanaojifungua, na kwa kawaida huanza ghafla ndani ya wiki mbili za mwanzo. Mama halali kabisa wala haoni kuwa anahitaji kulala. Anaongea bila kukoma, au ananyamaza kama jiwe. Anasikia sauti. Anasema mtoto amebadilishwa, au mtoto ametumwa. Asubuhi anaweza kuonekana mzima, jioni asimtambue mama yake mzazi. Mwanamke aliyewahi kuugua maradhi ya akili yenye vipindi vya kupanda na kushuka kwa hisia, au mwenye ndugu wa damu aliyeyaugua, yumo katika hatari kubwa zaidi, na jambo hilo lilipaswa kuulizwa tangu hudhurio la kwanza la mimba. Hii ni dharura, sawa na kutoka damu. Haingoji Jumatatu. Haingoji baba mtoto arudi safari. Muuguzi anayempokea mama huyo apime kwanza homa, malaria na shinikizo la damu, kwa sababu maambukizi ya kizazi na kifafa cha mimba, ambacho huweza kutokea hata baada ya kujifungua, navyo huvuruga akili na huua upesi. Vikiondolewa hivyo, njia ni moja: hospitali yenye daktari wa akili. Walio wengi hupona wakitibiwa.

Wapo watakaosema haya ni maradhi ya wasomi na ya wazungu. Kwamba bibi zetu walizaa kumi, wakalima siku ya nane, wala hatukusikia habari za sonona. Hoja hiyo tumeisikia mara nyingi mno, hata midomoni mwa watu waliotakiwa kujua zaidi. Haina mguu wa kusimamia. Katika miaka ya 1970 daktari wa akili Mwingereza, John Cox, alifanya kazi Uganda na kuwafuatilia wanawake 263 wa vijiji vya Buganda waliokuwa wajawazito. Aliwakuta wagonjwa. Aliwakuta pia wenyeji wakiwa tayari wanaujua wazimu unaompata mzazi, wenye jina lake, amakiro, na wenye maelezo yake: kwamba umetokana na uzinzi wakati wa mimba. Cox aliporudi Uingereza ndiye aliyeongoza kutunga, mwaka 1987, yale maswali 10 ya kumpima mama aliyejifungua ambayo leo yanatumika duniani kote kwa jina la kipimo cha Edinburgh. Kwa hiyo chombo ambacho Ulaya inakitumia kuwaokoa mama zake kilitungwa na daktari aliyewahi kuketi na wanawake wa Afrika Mashariki. Kimekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili na kutumiwa na watafiti wetu. Katika Chuo Kikuu cha Muhimbili, Profesa Sylvia Kaaya na wenzake wameishughulikia sonona ya wajawazito na wazazi wa Dar es Salaam tangu miaka ya mwanzo ya karne hii. Elimu ipo, na ipo kwa lugha yetu. Kinachokosekana ni amri.

Bibi zetu nao waliugua. Wengine walitoweka usiku wakaokotwa kisimani, wengine walisemwa wamerogwa, wengine waliachika kwa "ukichaa" na watoto wao wakalelewa na shangazi. Hawakuandikwa popote. Kilichowasaidia waliosalimika ni kwamba mzazi alikuwa na watu: mama yake au mkwewe aliyehamia kumlea, maji ya moto ya kumkanda, uji wa mtama, na siku ambazo hakuna aliyethubutu kumtuma kisimani. Desturi hiyo ilikuwa kinga ya kweli. Leo binti wa Zuzu amepanga chumba karibu na barabara kuu, mama yake yuko mkoa mwingine, mwenzake anatoka alfajiri na bodaboda na kurudi usiku. Anayemlea mzazi huyo ni nani? Na akijifungua Januari, wakati mvua ya Dodoma, ambayo ni ya msimu mmoja tu, imeanguka na shamba linadai jembe, nani atamwambia apumzike?

Kuna shutuma moja ambayo lazima tuiseme wazi kwa kuwa inawaumiza wanawake wa nchi hii kila siku. Mtoto akikonda, asipotembea kwa wakati, akiharisha mfululizo, watu hunong'ona kuwa amebemendwa: kwamba wazazi, na hasa mama, wamerudia unyumba mapema au ametoka nje ya ndoa. Sasa fikiri. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kuwa mtoto wa mama mwenye sonona yumo katika hatari zaidi ya kudumaa na kuharisha, kwa sababu mama asiye na nguvu ya kuinuka kitandani hunyonyesha kwa taabu, huchelewa kumpeleka mtoto kliniki, na hukosa moyo wa kumlisha kidogo kidogo mara nyingi kwa siku kama mtoto anavyohitaji. Mtoto anakonda kwa sababu mama ni mgonjwa. Mtaa unamhukumu mama kwa uasherati. Mama anazidi kuugua, na mtoto anazidi kukonda. Muuguzi anayeona mstari wa uzito unashuka kwenye kadi, akamkaripia mama mbele ya wenzake kwa kutomlisha mtoto vizuri, amejiunga na mtaa huo. Mstari ule ukishuka, wa kwanza kuulizwa hali kwa upole na faraghani awe mama.

Na hatuwezi kuacha kutaja kipigo. Utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2017 ulikuta kuwa wanawake waliofanyiwa ukatili na wenzi wao wakati wa mimba walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata sonona baada ya kujifungua. Baba anayempiga mjamzito kisha akamshangaa mzazi kwa kulia asitafute mchawi.

Tuje kwenye jambo linalotukera kuliko yote. Serikali haiwezi kudai kuwa haiijui hali hii, kwa sababu imeiandika katika sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 199, inasema kuwa mwanamke akisababisha kifo cha mtoto wake mwenye umri chini ya miezi 12, na wakati huo utulivu wa akili yake ulikuwa umevurugika kwa sababu hajapona athari za kumzaa mtoto huyo au athari za kunyonyesha, hatahukumiwa kwa mauaji, ambayo adhabu yake ni kifo. Kosa lake litakuwa la kuua mtoto mchanga, na ataadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Sheria za aina hiyo zina asili ya Uingereza, ambako Bunge lilitunga ya kwanza mwaka 1922 na kuipanua mwaka 1938. Kenya nayo inayo, katika kifungu cha 210 cha sheria yake. Wanasheria wanaweza kubishana juu ya maneno yake ya kizamani. Sisi tunaona jambo moja: dola imekiri, kwa maandishi, kuwa kujifungua kunaweza kumvuruga mwanamke akili kwa muda wa mwaka mzima.

Imekiri wapi? Mahakamani, mtoto akiwa amekwisha kuzikwa. Wakili wa Serikali anajua kuuliza, jaji anajua kuuliza, daktari wa akili anaitwa kutoa ripoti kuhusu siku zile za baada ya uzazi: alikuwa analala, alikuwa anasikia sauti, alimwambia nani. Maswali yote ambayo zahanati haikuuliza wiki ya sita huulizwa kizimbani mwaka wa pili. Kama Taifa lina uwezo wa kuuliza kwa niaba ya maiti, linashindwaje kuuliza kwa niaba ya walio hai? Hatujapata jibu la kuridhisha kwa swali hilo, wala hatudhani lipo.

Upande mwingine sheria hiyohiyo inaziba mdomo wa mgonjwa. Kifungu cha 217 kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mzazi aliyekunywa sumu ya mazao akaokolewa, akizinduka anakuta kitandani pake aibu, na nyuma ya aibu hofu ya polisi. Nani atakayemwambia muuguzi kuwa anatamani kufa, akijua kwamba kulitenda ni kosa? Nchini Kenya, mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu chao cha namna hiyo, cha 226, kinapingana na Katiba. Bunge letu linakutana Dodoma; halihitaji kusafiri kwenda kuliona tatizo. Lifute kifungu cha 217 au likibadilishe kiwe wajibu wa kumtibu aliyenusurika.

Hatukatai kwamba nchi imefanya kazi kubwa kwa akina mama. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya wazazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulionyesha 104. Wanaojifungulia vituoni walifikia asilimia 81. Tumeyashangilia matokeo hayo na tunaendelea kuyashangilia. Lakini takwimu hizo zina pande mbili. Zinaonyesha kuwa wanawake wanakuja. Hoja kwamba hawafikiki imekufa. Na zinatuonya juu ya yaliyo mbele. Tangu mwaka 2012 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha vifo vya wazazi unahesabu kujiua wakati wa mimba na baada ya kujifungua kuwa kifo cha uzazi cha moja kwa moja, katika safu moja na kutoka damu. Uingereza, ambako kutoka damu na kifafa cha mimba vimedhibitiwa kwa kiasi kikubwa, taarifa za uchunguzi wa vifo zimekuwa zikikitaja kujiua kuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wanawake kati ya wiki sita na mwaka mmoja baada ya ujauzito. Kadiri tunavyoshinda kwenye wodi ya kujifungulia, ndivyo vifo vya chumbani kwa mama vitakavyobaki peke yao, vikitutazama.

Itasemwa hakuna fedha wala madaktari wa akili wa kutosha. Madaktari hawatoshi, kweli. Kuhusu fedha, Marekani iliidhinisha mwaka 2023 kidonge maalumu cha sonona ya uzazi kinachouzwa kwa maelfu ya dola kwa dozi, na hatusemi kwamba Bohari ya Dawa ikinunue. Tunazungumza juu ya mambo ya gharama ndogo yaliyokwisha kuthibitika. Katika vijiji vya Rawalpindi nchini Pakistan, wahudumu wa afya wa kawaida, wanawake wa vijijini wasio na shahada ya saikolojia, walifundishwa kuwatembelea wajawazito na wazazi wenye sonona na kuzungumza nao kwa utaratibu maalumu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008 katika jarida la The Lancet: miezi sita baada ya kujifungua, waliotembelewa kwa utaratibu huo na kubaki na sonona walikuwa asilimia 23, waliopata matembezi ya kawaida tu walikuwa asilimia 53. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliutoa utaratibu huo kama mwongozo ili nchi zote ziutumie. Zimbabwe nako bibi wa mitaani, wakiwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, wamekuwa wakiwasikiliza wenye sonona tangu 2006 chini ya daktari Dixon Chibanda, na majaribio ya kisayansi yameonyesha kuwa wanaosikilizwa hupata nafuu.

Sisi tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa zaidi ya 137,000 nchi nzima. Mhudumu wa Zuzu anaijua nyumba, anamjua mkwe, na mara nyingi anasema Kigogo na bibi asiyependa Kiswahili cha ofisini. Huyo ndiye mtu wa kwanza wa kufundishwa maswali, na yanayotakiwa kuanzia ni mawili: katika mwezi uliopita, umekuwa ukisumbuliwa mara kwa mara na huzuni au kukata tamaa? Umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Akijibu ndiyo kwa mojawapo, yafuate yale 10, na katika hayo la kama amewahi kuwaza kujidhuru lisirukwe kwa aibu. Huhitaji jengo jipya. Huhitaji mashine. Unahitaji dakika tano na pazia.

Kwa hiyo tunamtaka Mganga Mkuu wa Jiji la Dodoma aanzie Zuzu, na aanze mwaka huu. Kila mama anayeleta mtoto kwa chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 aulizwe, na jibu liandikwe. Tunasisitiza liandikwe. Zahanati zetu huongozwa na vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya takwimu za huduma. Kisichokuwa na safu katika kitabu hakiingii kwenye ripoti, kisichoingia kwenye ripoti hakiombewi dawa wala mafunzo, na mganga mfawidhi hawezi kuulizwa kwa nini hakukifanya. Wizara iweke safu hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2022 kuhusu huduma baada ya kujifungua umekwisha kupendekeza uchunguzi wa sonona na wasiwasi kwa wazazi. Wizara haitakuwa imevumbua kitu, itakuwa imetekeleza.

Mirembe nayo itoke nje ya ukuta wake. Jina la hospitali hiyo limegeuzwa kuwa tusi: mtu akikosea barabarani anaambiwa akapimwe Mirembe, na familia inaona heri binti yao afungiwe ndani kuliko aonekane kwenye geti lile. Aibu hiyo haitaondolewa kwa maadhimisho ya Oktoba 10 na fulana zake. Itaondolewa wataalamu wa Mirembe watakapokuwa wakifika zahanati za pembezoni kwa ratiba inayojulikana, wakakaa chumba kimoja na mkunga, wakamwona mzazi palepale anapochanjiwa mtoto wake. Dawa za sonona ambazo mama anayenyonyesha anaweza kuzitumia zipo, daktari akiwa amemwona. Zisiishie hospitali za rufaa.

Mpango wa m-mama umeokoa wengi. Mtu anapiga 115 bila malipo, gari linatumwa kumchukua mjamzito, mzazi wa hadi siku 42 au mtoto mchanga aliye hatarini. Tunataka itamkwe waziwazi, na wapokea simu wafundishwe, kwamba mzazi aliyechanganyikiwa akili ndani ya siku hizo naye ni wa kubebwa. Asiachwe kwa bodaboda akiwa amefungwa kamba.

Akina baba tuna neno nao, fupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inampa baba siku tatu. Siku tatu humalizika kabla machozi ya kawaida hayajakauka, na wakulima wa Zuzu hawana hata hizo. Bunge liziongeze. Lakini hakuna sheria inayomzuia mwanamume kumpokea mtoto saa nane usiku, wala kubeba ndoo mbili za maji, na asiyefanya hivyo asijifiche nyuma ya mila ya Wagogo wala ya kabila lingine lolote.

Kwa familia za Zuzu na kwingineko agizo letu ni hili. Mzazi akilia siku chache, mpumzisheni. Huzuni ikivuka wiki mbili, mpelekeni zahanati, mkatae kurudishwa na panadol. Akikosa usingizi kabisa, akisikia sauti, akisema mtoto si wake au akitaja kufa, msimwache peke yake na mtoto hata kwa dakika moja, wala msimpige, msimfunge, msimpeleke kwanza kwa mganga wa jadi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.